Uani kwako kuna kivuli? Panda majani, acha nyanya

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kumpa mgonjwa ulikuwa na maneno matano tu: “Bibi, panda mboga uani kwako.”

Ulikuwa mwaka 2018, kliniki ya presha, foleni imefika hadi mlangoni. Bibi mwenyewe anaishi Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, moja ya zile chache zilizobaki zimebanwa na maghorofa. Nilikuwa nimemsomea risala ileile tunayowasomea wenye presha wote: punguza chumvi, ongeza mboga za majani. Akaniambia kwa upole kwamba mboga anazipenda, tatizo ni magoti. Sokoni kuna msongamano, na akimtuma mtu asubuhi, jioni anapowasha jiko fungu limeshanyauka. Ndipo nikatoa yale maneno matano. Akasema, “Daktari mwanangu, uani kwangu jua halifiki, ghorofa zimelimaliza.” Nikamjibu kwamba siku hizi kuna kitalu nyumba, mwambie mjukuu wako akutengenezee. Nikaandika dawa, nikaita mgonjwa anayefuata.

Mjukuu alitengeneza kweli. Wakati ule kitalu nyumba kilikuwa gumzo. Vijana walikuwa wakifundishwa kukijenga, na kwenye simu zilizunguka picha za nyanya nyekundu zimejipanga kwenye kamba kama shanga. Kijana akanunua mabomba ya plastiki, nailoni ya kuezekea na neti nyeusi ya kivuli, akasimamisha kibanda cha hatua nne kwa tatu pembeni ya jiko la uani, akapanda nyanya na pilipili hoho kwenye ndoo kuukuu za rangi. Nyanya zilirefuka kama kamba, zikatoa maua machache, na maua yenyewe yakadondoka. Kufika Februari 2019 wote walikuwa wamekata tamaa. Hakuna aliyebomoa kibanda. Ndoo zilibaki humo, pamoja na visahani vya chini yake na pipa la maji ya kumwagilia.

Masika yakaja. Wasomaji wa Dar es Salaam mnaukumbuka mwaka ule, homa ya dengue ilishika maelfu ya watu, wengi wao wa jiji hili. Mjukuu mwingine wa bibi, binti wa miaka tisa, alipata homa ya ghafla, kichwa kikamgonga, akalalamika macho yanamuuma kwa nyuma. Siku ya nne homa ilishuka na nyumba nzima ikashukuru. Jioni ileile fizi zikaanza kutoka damu na tumbo likamuuma vibaya. Alilazwa siku sita. Alipona.

Bibi alikuja kliniki tarehe yake ya kawaida. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kupandisha sauti, “Mboga zako zimemlaza mjukuu wangu.”

Siwezi kuthibitisha kwamba mbu aliyemuuma mtoto yule alizaliwa kwenye ndoo zile. Mwaka ule mbu walikuwa kila mahali. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuona kwa macho yangu, na kwenye visahani vile, na kwenye pipa lisilofunikwa, viluwiluwi walikuwa wakicheza. Kibanda nilichokishauri mimi kilikuwa kimezalisha mbu wengi na mboga hakuna. Tangu siku hiyo simwambii mgonjwa “panda mboga” kama sina dakika kumi za kumwambia vipi. Leo nazitumia dakika hizo hapa, kwa sababu uani, ngazi na mabaraza yenye kivuli Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga yapo mengi, na mengi yanatumika kuweka ndoo mbovu na magodoro ya zamani.

Kosa la kwanza la kibanda kile lilikuwa kuongeza kivuli juu ya kivuli. Neti ya kivuli ni kitu kizuri mahali jua la saa saba linapochoma majani. Uani kwa bibi jua lilikuwa likifika kwa saa tatu tu, na kijana akalifunika na neti, kisha juu yake nailoni. Mmea unaonyimwa mwanga hurefuka kuutafuta, unakuwa mwembamba, wa rangi ya njano, na nguvu zote unazimalizia kwenye shina.

Kosa la pili lilikuwa joto. Kitalu nyumba cha nailoni kilibuniwa kwa nchi za baridi, kazi yake ni kukamata joto. Huku kwetu kina maana zaidi Lushoto, Iringa au Arusha, ambako usiku ni wa baridi. Dar es Salaam mwezi Februari mchana unafika nyuzijoto 32 na zaidi, na chini ya nailoni bila upepo unapata tanuri. Nyanya ni mmea unaodekezwa. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku usiposhuka vya kutosha, chavua yake inaharibika na ua linadondoka bila kufunga tunda. Kwa hiyo hata kama jua lingekuwepo, nyanya za bibi zingeshindwa. Pwani toa nailoni kabisa, upepo upite. Ukubwa wa kibanda si hoja, hewa ndiyo hoja.

Kabla ya kununua chochote, pima mwanga. Huhitaji kifaa. Siku ya jua tokeza uani saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa alasiri, na uweke mkono wako juu ya sehemu unayotaka kupanda. Kivuli cha vidole kikiwa na mpaka mkali, hapo jua limefika. Kikiwa hafifu lakini kinaonekana, una mwanga wa kutosha kwa majani. Usipokiona kabisa, hapo weka kiti. Rudia tena baada ya miezi kadhaa, maana jua linahama. Dar es Salaam iko kusini kidogo mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba. Mwezi Juni linakuja kutoka upande wa kaskazini, na Desemba kutoka kusini. Ghorofa la jirani lililo kaskazini mwa uani wako litakuibia jua katikati ya mwaka, na lile la kusini litakuibia wakati wa Krismasi. Ndoo zinahamishika, basi zihamishe. Na ukuta upigwe chokaa nyeupe. Ukuta mweupe unarudisha mwanga kwa mimea bila gharama ya umeme, na kwa maoni yangu ni dawa bora ya uani wenye giza kuliko vifaa vyote vinavyouzwa.

Sasa, nini cha kupanda? Kanuni ninayoitumia ni kwamba kinacholiwa tunda kinataka jua, kinacholiwa jani kinavumilia kivuli. Nyanya, hoho, bamia, biringanya na matango yanahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Achana nayo, yanunue sokoni kutoka kwa wakulima wenye mashamba. Lakini matembele, chainizi, spinachi, saladi, mnafu, vitunguu majani, kotimiri na mnanaa vinakubali saa tatu au nne za jua, au mwanga mzuri wa kuakisiwa. Kwenye joto letu saladi na kotimiri hata zinashukuru kivuli, kwa sababu juani zinakimbilia kutoa maua na kuwa chungu. Tangawizi nayo inapenda kivuli. Mchicha ni mtoto wa jua, kivulini unakua kwa kulazimishwa, lakini ukiuvuna mdogo wiki ya tatu au ya nne bado utapata mboga. Ningeanza na matembele. Kipande cha mche chenye vifundo vitatu au vinne, kimefukiwa nusu, kinashika chenyewe, na ukichuma ncha zinachipua tena.

Najua swali linalofuata, kwa sababu wagonjwa wangu wanaliuliza kila mara: mboga Kariakoo ni za bei ndogo, kwa nini nihangaike? Ni swali la haki. Uani wa hatua nne kwa tatu hautailisha familia, na atakayekwambia utapunguza bajeti ya mboga kwa nusu anakuuzia mbegu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Watu sita ni zaidi ya kilo mbili kila siku, na uani wako hauwezi hiyo. Soko lina kazi yake.

Faida ninayoiona mimi kama daktari ni nyingine. Jani lililokatwa asubuhi na kukaa juani kwenye meza ya genge hadi jioni linapoteza sehemu kubwa ya vitamini C na foleti yake. Jani lililochumwa wakati sufuria liko jikoni halijapoteza kitu. Na mwenye presha au sukari anayerudi nyumbani saa moja usiku amechoka, asiye na mboga ndani, atakula ugali na maharage ya jana yenye chumvi, au chipsi za pale kona. Mboga ikiwa hatua tano kutoka jikoni, konzi mbili zitaingia sufuriani. Nimeona jambo hili zaidi kwa watoto. Mtoto anayekataa mboga za kununua anakula zile alizozimwagilia, tena anamzuia mwenzake asizimalize.

Niseme pia kuhusu damu, maana akina mama wengi wananijia wakisema mtoto ana upungufu wa damu, nimpe mboga gani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta watoto 58 katika kila 100 wa umri wa miezi sita hadi 59 wana damu pungufu. Ni tatizo kubwa, na mboga za uani peke yake hazilitibu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani yanafyonzwa kidogo sana na utumbo. Yanasaidiwa na limau lililokamuliwa juu ya mboga iliyoiva, au chungwa baada ya chakula, na yanazuiwa na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula. Mtoto anahitaji pia dagaa, maini, nyama kidogo, kunde. Na aliyepauka viganja na kuchoka anahitaji kupimwa, maana huenda ana malaria, minyoo au selimundu, magonjwa ambayo hakuna tembele litakaloyaondoa.

Minyoo inanileta kwenye udongo. Mbolea ya samadi mbichi usiitumie, inabeba mayai ya minyoo na vimelea vya kuhara. Iive kwanza kwenye lundo lililofunikwa miezi mitatu hadi iwe nyeusi, ikauke na isinuke. Ukinunua, nusa. Kinachonisumbua zaidi ni mahali udongo wenyewe unapotoka. Watu wanachota kando ya barabara, nyuma ya gereji, mahali palipokuwa na mafundi wa betri. Petroli yenye madini ya risasi iliachwa kutumika katika eneo letu la Afrika mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Miaka yote magari yaliyoitoa moshini yaliiacha kwenye vumbi la kando ya barabara, na bado iko pale. Betri chakavu na rangi za zamani zinazobanduka ukutani zinaongeza. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa, bila kelele, mwalimu anaona tu kwamba hashiki masomo. Nunua udongo uliotoka shambani, mbali na barabara kuu, na usichimbe uani pale palipomwagwa rangi au oili. Ndoo za rangi nazo, kama zile za bibi, siku hizi nasema hapana. Tumia ndoo zilizobeba chakula, au salfeti za mchele.

Nyumba yako ikiwa ghorofani, kuna hesabu ya uzito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina kilo 30 na zaidi. Ndoo thelathini na kitu ni tani nzima. Tuta la udongo wa kina cha sentimita 30 lina karibu nusu tani kwa kila mita moja ya mraba. Baada ya Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoanguka hapa Kariakoo na kuua watu, sidhani kama kuna mtu wa mtaani kwetu anayehitaji kuambiwa kwamba jengo lina kikomo. Bustani haikuhusika na ajali ile, na sitaki inukuliwe hivyo. Ninachosema ni kwamba kwenye paa au baraza la juu weka vyombo vichache, vifupi, vya majani, karibu na ukuta au juu ya nguzo, na mwenye nyumba ajue. Kina cha sentimita 15 kinatosha chainizi na kotimiri.

Nimeacha maji hadi sasa kwa sababu ndiyo yaliyomlaza yule mtoto.

Mbu wa dengue, anayeitwa Aedes, hataki mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia kivulini, hata kidogo tu, kifuniko cha chupa kinamtosha. Uani wenye bustani ya kivuli ni jumba lake la kifahari. Anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yakikauka yanaweza kubaki hai kwa miezi, yakisubiri mvua. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Inabidi usugue chombo kwa brashi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi, hivyo ukichagua siku moja ya wiki na kuishika, unakata mzunguko. Kwa bibi ni Ijumaa asubuhi. Visahani vya chini ya ndoo tumeviondoa vyote, ndoo zinakaa juu ya matofali na maji yanayovuja yanaingia kwenye sakafu na kukauka. Pipa la maji lina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna kitambaa cha chandarua kimefungwa kwa mpira. Sitakwambia usihifadhi maji. Aliyeupitia mgao wa mwishoni mwa 2022 hawezi kukubali ushauri huo, na mimi mwenyewe nina mapipa mawili.

Mbu huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea jioni. Chandarua cha usiku hakimzuii vya kutosha, na mtoto anayemwagilia bustani saa kumi na moja jioni avae suruali na mikono mirefu.

Wazazi, hapa naomba msome polepole. Dengue ina tabia ya kudanganya. Homa inakaa siku tatu hadi saba, na hatari kubwa inakuja pale homa inaposhuka, saa ambayo nyumba inapumua. Mtoto ambaye homa imeshuka lakini anatapika mfululizo, analia tumbo, anatoka damu puani au kwenye fizi, amelegea au hatulii, au hakojoi kama kawaida, asilale nyumbani usiku huo. Mpeleke hospitali. Kwa homa na maumivu mpe parasetamol kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini, ibuprofen na diklofenaki usimpe hadi dengue iondolewe kwenye orodha, kwa sababu zinaongeza kutoka damu. Dawa hizi za maumivu zinauzwa kama pipi kwenye maduka yetu, na kila msimu wa dengue tunapokea watoto waliokwisha kumeza.

Kuna na sumu. Ukizunguka soko utapata maduka ya pembejeo yanayokupimia dawa ya wadudu kwa ujazo mdogo, na wateja wengi wanaibeba kwenye chupa ya soda au ya maji. Sijui niliandike hili kwa herufi za ukubwa gani. Mtoto wa miaka miwili haoni sumu, anaona soda. Bustani ya uani haihitaji dawa ya shambani. Vidukari vinaondoka kwa maji yenye sabuni kidogo, viwavi vinaokotwa kwa mkono, na jani lililotobolewa bado linalika. Ukishindwa kabisa, ng'oa mmea ule, panda mwingine. Chini ya paa, dirisha la jikoni likiwa hatua mbili, hakuna kupulizia.

Wagonjwa wa aina mbili wasianze kula majani kwa wingi kabla ya kuzungumza na daktari wao. Wa kwanza ni wanaotumia warfarin, mara nyingi kwa sababu ya valvu za moyo au damu iliyoganda. Majani ya kijani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi mboga, anatakiwa kula kiasi kilekile kila wiki, si leo mlima na kesho hakuna. Wa pili ni wenye figo zilizochoka, ambao mwili wao haumudu kutoa potasiamu. Hao wachemshe majani kwa maji mengi na kuyamwaga, na kiasi wapangiwe. Wenye presha na sukari ambao figo zao ziko salama, karibuni uani.

Kivuli kina mtu mwingine wa kumfaa, ambaye bustani nyingi zinamsahau: mtoto mwenye ualbino. Jua letu linamuunguza ngozi tangu utotoni, na saratani ya ngozi inawapata watu hawa wakiwa bado vijana. Mtoto huyu mara nyingi anafungiwa ndani wenzake wakicheza nje. Bustani yenye kivuli inampa kazi ya mikono na hewa ya nje. Bado avae kofia pana na mikono mirefu, na apake mafuta ya kukinga jua, yakiwemo yale yanayotengenezwa KCMC Moshi mahsusi kwa ajili yao, kwa sababu ukuta mweupe niliousifu hapo juu unaakisi miale pia.

Kwa mtoto mchanga mwenye ngozi ya kawaida mambo ni kinyume. Ameshazaliwa ghorofani, analelewa ghorofani, na uani ni kivuli. Ngozi yake inahitaji jua lenyewe ili kutengeneza vitamini D ya mifupa, na jua la kupitia dirisha la kioo halifanyi kazi hiyo. Mtoe nje asubuhi, miguu na mikono ikiwa wazi, dakika kadhaa kila siku, kabla jua halijawa kali. Mnazi Mmoja pana nafasi, na hakuna kiingilio.

Kibanda cha bibi kilibomolewa mwaka uleule. Mjukuu alibakiza mabomba, nailoni akaitupa, neti akaikata vipande na kuvitumia kufunikia mapipa. Ukuta ulipigwa chokaa. Sasa kuna ndoo kumi na moja na salfeti nne: matembele, chainizi, mnafu, kotimiri, na tangawizi kwenye kona ambayo jua halijafika tangu ghorofa la jirani lipande juu. Binti aliyelazwa yuko sekondari na ndiye mwenye zamu ya Ijumaa. Mwezi uliopita bibi alikuja kliniki na fungu la matembele amelifunga kwenye gazeti, akaliweka juu ya meza yangu bila kusema kitu, akanyoosha mkono nimpime. Presha ilikuwa 146 kwa 88. Nikamuuliza kuhusu chumvi. Akaniambia nipike kwanza yale matembele bila chumvi, niyale, kisha ndio nije tuzungumze.